Karakana ya Useremala Ndani ya Chumba Kidogo: Kupanga Nafasi na Kuandaa Mbao Mwenyewe

Ukitaka kuanza useremala nyumbani na huna zaidi ya chumba kimoja au nusu ya gereji, anza kwa kuangalia ubao kabla ya kuangalia mashine. Msumeno wa meza, ule ambao bledi yake ya mviringo inachomoza juu ya meza, unaenea kwenye eneo la mita moja kwa mita moja. Lakini ubao wa mita 2.4 unaopita juu yake unahitaji mita 2.4 kabla ya bledi na mita 2.4 nyingine baada yake, karibu mita tano za njia isiyo na kitu. Watu wengi hununua mashine ndogondogo, wakazipanga vizuri ukutani, halafu siku ya kazi wakalazimika kutoa nusu ya vitu nje ndipo wapasue ubao mmoja. Chumba kidogo kinatosha kabisa kutengenezea meza, kabati hata kitanda, ila kinataka njia ya ubao ipangwe kwanza na vingine vyote vifuate.

Hatua ya 1: Chora njia ya ubao

Pima chumba, pamoja na milango, madirisha na soketi za umeme. Kichore kwenye karatasi ya miraba kwa skeli ya 1:20, ambapo sentimita 5 za karatasi ni mita 1 ya chumba. Kata vipande vya karatasi vyenye ukubwa wa kila mashine unayokusudia kuwa nayo. Kisha kata ukanda mwembamba unaowakilisha ubao mrefu kuliko yote utakayofanyia kazi. Kwa ubao wa mita 2.4, ukanda huo utakuwa na sentimita 12.

Sasa pitisha ukanda huo katika kila mashine, uingie upande mmoja na kutokea wa pili bila kugusa kitu. Hapo utaona mengi ambayo jicho halikuyaona chumbani. Mashine ikielekezwa mlangoni, ubao unaweza kutokea nje kupitia mlango ulio wazi, ukawa umeongeza mita mbili bila kujenga chochote. Dirisha nalo linafaa, mradi kizingiti chake kiwe chini kidogo ya meza ya mashine. Usisahau mshazari: chumba cha mita 3 kwa mita 4 kina mita 5 kamili kutoka pembe moja hadi pembe ya mkabala. Msumeno wenye magurudumu ukiusogeza katikati na kuugeuza kufuata mshazari huo, ubao mrefu unapita mahali ambapo ungegonga ukuta.

Jambo la pili kwenye mchoro ni urefu wa meza kutoka sakafuni. Meza ya msumeno ikiwa na sentimita 87, benchi lako la kazi liwe na urefu huohuo au pungufu kwa milimita 2, ili likae nyuma ya msumeno na kupokea ubao unaotoka. Mashine nyingine ziwe chini ya usawa huo ubao upite juu yake. Sheria hii moja huokoa nafasi kuliko rafu zote utakazopigilia ukutani.

Hatua ya 2: Benchi, kigari na ukuta

Benchi la kukunjwa ukutani kwa bawaba linavutia, na kwa kuunganishia vitu vidogo au kupakia vanishi linafaa sana. Kwa kuranda kwa mkono sikushauri. Randa inasukuma kwa ubavu, na benchi linalotegemea bawaba hutikisika kila unaposukuma. Afadhali utengeneze benchi zito na jembamba, upana sentimita 50 hadi 55 na urefu wa mita 1.5, lenye miguu minene na rafu chini. Weka vitu vizito kwenye rafu hiyo ili benchi litulie. Kuhusu kimo chake, simama wima na mikono ukiiachia ining'inie: mahali kiganja kinapoungana na mkono ndiyo kimo kizuri cha kuranda, ila kisizidi ule usawa wa meza ya msumeno. Funga jiriwa (kifaa cha kubania ubao) moja upande wa kushoto kama unatumia mkono wa kulia, au kinyume chake.

Mashine mbili za juu ya meza zinaweza kukaa kwenye kigari kimoja chenye uso unaogeuka. Tengeneza kasha la plaiwudi ya milimita 18 lenye magurudumu manne ya kufungwa. Juu yake weka ubao mnene unaozunguka kwenye nondo laini ya chuma ya milimita 20, iliyopita katikati yake kutoka ubavu hadi ubavu. Funga mashine ya kuranda upande mmoja na mashine ya msasa au keekee ya meza upande wa pili, kwa bolti na si skrubu. Ukihitaji mojawapo unageuza ubao, unaufunga kwa bolti mbili kila upande, unaanza kazi. Uzito wa mashine hizo mbili usitofautiane sana, la sivyo ile nzito itaanguka chini ghafla na kuminya vidole. Na kila unapogeuza, plagi iwe imechomolewa.

Kwa ukuta, papi (vipande virefu vyembamba vya mbao) zenye pembe ya digrii 45 hazina mshindani. Pasua ubao wa upana wa sentimita 15 kwa urefu wake, bledi ikiwa imelazwa digrii 45, upate papi mbili. Moja ipigilie ukutani, mlalo wake ukitazama juu na kuelekea ukutani. Nyingine ifunge nyuma ya kasha au kishikio cha vifaa, mlalo ukitazama chini. Kasha linajining'iniza lenyewe, na kadiri linavyokuwa zito ndivyo linavyojikaza ukutani. Ukipanga papi kila baada ya sentimita 25 kuanzia usawa wa kiuno hadi usawa wa mkono ulionyooshwa, unaweza kuhamisha patasi, misumeno na klampu wakati wowote bila kutoboa ukuta upya.

Rafu ya mbao inahitaji hesabu kidogo. Ubao mgumu uliokauka wenye uzito wa kilo 700 kwa mita ya ujazo, urefu wa mita 2.4, upana wa sentimita 20 na unene wa sentimita 3, una kilo 10 hivi. Ukiweka 20 umeweka kilo 200 ukutani. Kwa hiyo vishikilio vifungwe kwenye nguzo za ukuta au kwa bolti za kupanuka ndani ya zege, visiachane zaidi ya sentimita 60 hadi 80, na mbao nzito zikae chini. Plaiwudi iegeshwe wima karibu na mlango, nyuma ya kizuizi. Haina haja ya kuingia ndani ikiwa nzima: ilaze chini nje juu ya ubao laini wa povu na uikate vipande kwa msumeno wa mviringo wa mkono unaofuata ubao ulionyooka uliofungwa kwa klampu.

Hatua ya 3: Mashine chache, kwa mpangilio huu

Kwanza vifaa vya mkono: tepu, skwea nzuri (kifaa cha kupimia pembe mraba), msumeno wa mkono, patasi tatu au nne, randa ya kati yenye urefu wa sentimita 35, jiwe la kunolea, klampu nyingi kadiri unavyoweza. Skwea iweke kwenye majaribio kabla ya kuiamini. Ikaze kwenye ukingo ulionyooka, chora mstari, igeuze upande wa pili na uchore tena kuanzia nukta ileile. Mistari ikiachana, skwea hiyo si ya pembe mraba.

Mashine kubwa ya kwanza, kwa chumba kidogo, ningechukua msumeno wa mkanda, ambao bledi yake ni ukanda wa chuma unaozunguka kwenye magurudumu, badala ya msumeno wa meza. Ule wenye magurudumu ya sentimita 35 unakaa pembeni ukiwa umeegemea ukuta, unapasua ubao mnene kuwa mbao mbili nyembamba, unakata mikunjo, na vumbi lake ni kidogo kwa sababu mkanda wake ni mwembamba. Zaidi ya hayo, mkanda unasukuma mbao chini kuelekea mezani, kwa hiyo mbao hairushwi nyuma kumpiga fundi kama inavyoweza kutokea kwenye msumeno wa meza.

Ya pili ni mashine ya kuranda unene, ile ambayo ubao unaingia mbele, rola zinauvuta na visu vilivyo juu vinauranda hadi kipimo ulichoweka. Mashine ya kunyooshea, yenye meza mbili ndefu na visu katikati, ni nzuri, lakini inakula urefu mwingi wa chumba na kazi yake inaweza kufanywa kwa njia nyingine nitakazozieleza. Msumeno wa meza uje baadaye, ukiwa na hakika unauhitaji.

Hatua ya 4: Umeme, vumbi na moto

Mashine ya wati 1,800 kwenye umeme wa volti 230 inavuta karibu ampea 8, na kivuta vumbi kinachofanya kazi pamoja nayo kinaweza kuvuta kiasi kinachokaribia hicho. Usiviweke vyote kwenye waya mmoja mwembamba wa kuongezea. Waya mrefu na mwembamba hushusha volti, mota ikahangaika na kupata joto, na waya uliobaki umezungushwa kwenye gurudumu lake unaweza kuyeyuka. Ukunjue wote. Soketi mpya afunge fundi umeme, ziwe na waya wa ardhi, na ziwe juu ya usawa wa benchi ili usizitafute nyuma ya mbao.

Vumbi la mbao lisichukuliwe kama uchafu tu. Mwaka 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, lililiweka kwenye kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Vumbi baya ni lile jembamba linaloelea hewani baada ya kupiga msasa, kwa sababu ndilo linalofika ndani ya mapafu. Kwa hiyo livute pale linapotokea: kivuta vumbi kiunganishwe na kila mashine kwa bomba fupi, na kati yao weka ndoo yenye kizungushio cha hewa. Maranda na vumbi zito vitadondokea humo na kichujio hakitaziba haraka. Vaa barakoa ya kuchuja chembe ndogo, N95 au FFP2, na uendelee kuivaa kwa muda baada ya kuzima mashine. Ukimaliza kazi vuta vumbi kwa mashine badala ya kufagia. Masikio nayo yakingwe. Mashine ya kuranda inapita desibeli 85, kiwango ambacho kelele ya muda mrefu huanza kuharibu usikivu.

Kuhusu moto, kitambaa kilicholowa mafuta ya kitani hupata joto chenyewe kinapokauka na kinaweza kuwaka bila kiberiti. Usikikunje na kukitupa kwenye kikapu chenye maranda. Kitandaze nje, mbali na vitu vinavyowaka, hadi kikauke na kukakamaa, au kizamishe kwenye kopo la maji lenye kifuniko.

Hatua ya 5: Kupasua gogo

Unaweza kuruka hatua hii ukinunua mbao zilizokwisha kupasuliwa. Ila mti ukianguka au ukikatwa jirani, kuna furaha kubwa ya kuugeuza kuwa samani, na msumeno wa mkanda unatosha kwa magogo ya kipenyo cha sentimita 20 hivi, kutegemea kimo ambacho msumeno wako unaweza kukata. Magogo makubwa yapasuliwe na wenye mashine za kupasulia, kisha wewe uendelee kuanzia kwenye kukausha.

Mara tu mti ukikatwa, paka ncha zote mbili za gogo rangi nzito au nta iliyoyeyushwa. Maji hutoka kwa kasi zaidi kwenye ncha kuliko kwenye ubavu. Ncha zikikauka kabla ya katikati zinasinyaa peke yake na kupasuka, na mipasuko hiyo huingia ndani. Fanya hivyo siku hiyohiyo.

Kagua gome uone kama kuna misumari au waya. Sumaku yenye nguvu itakusaidia kwa chuma kilicho karibu na juu. Kisha tengeneza kibebeo: mbao mbili zilizounganishwa kwa pembe mraba, moja ikilala mezani na nyingine ikisimama ubavuni. Lifunge gogo kwenye kibebeo hicho kwa skrubu ndefu kwenye ncha zake, mahali ambapo mkanda hautapita. Gogo la mviringo lisilofungwa litajiviringisha mkanda ukilikamata, na hapo mkanda unakatika na mkono unaweza kuvutwa. Tumia mkanda mpana, milimita 12 hadi 19, wenye meno 3 kwa kila inchi. Kata uso wa kwanza ukiwa bapa, lilaze gogo kwenye uso huo, kata wa pili kwa pembe mraba, kisha endelea kupasua mbao.

Pasua nene kuliko unavyohitaji. Ukitaka ubao wa milimita 20 mwishoni, pasua wa milimita 28 hadi 30, kwa sababu utasinyaa ukikauka na utapoteza tena ukiunyoosha. Kiini cha gogo, ile nukta ya katikati kabisa, kitenge. Ubao unaobeba kiini karibu kila mara hupasuka.

Angalia pia pete za ukuaji kwenye ncha ya kila ubao. Mti husinyaa kwa kufuata mzingo wa pete karibu mara mbili ya unavyosinyaa kutoka kiini kwenda gome, na kwa urefu karibu hausinyai kabisa. Ndiyo sababu ubao ambao pete zake zimelala hubonyea katikati, na uso unaobonyea ni ule uliokuwa upande wa gome. Ubao ambao pete zake zimesimama wima hutulia zaidi. Huo utunze kwa milango ya kabati na vitu vinavyotakiwa kubaki bapa.

Hatua ya 6: Kukausha

Mbao mbichi ina maji ya aina mbili: yaliyo huru ndani ya vishimo vya seli na yaliyoshikwa na kuta zake. Yale ya huru yakitoka, mbao inapungua uzito bila kusinyaa. Unyevu ukishuka chini ya asilimia 28 hadi 30 hivi, kuta zinaanza kutoa maji yake, na hapo ndipo kusinyaa, kupinda na kujisokota kunapoanza. Kazi yako ni kuhakikisha hatua hiyo inakwenda polepole na pande zote kwa pamoja.

Tafuta mahali penye kivuli na upepo. Weka vitalu vya zege au magogo yaliyonyooka, sentimita 30 hadi 45 kutoka ardhini, na uhakikishe kwa pimamaji kwamba vyote viko usawa mmoja. Msingi ukipinda, mbao zitakaukia kwenye umbo hilohilo la kupinda. Laza mbao za kwanza, kisha weka papi kavu za unene wa milimita 20 hadi 25 zikikatiza juu yake kila baada ya sentimita 40 hadi 60. Papi za mwisho zikae karibu kabisa na ncha. Panga tabaka la pili na papi zake zikae wima juu ya papi za chini, zikifanya safu moja kuanzia kitalu hadi juu. Papi ikihama hata sentimita 10, uzito wote wa juu unakaa mahali pasipo na kitu chini, na ubao unapinda hapo. Juu kabisa weka bati la kuzuia mvua na mawe mazito. Turubai usilizungushie pembeni, kwa sababu linafungia unyevu ndani na mbao zinaota ukungu.

Mafundi husema mwaka mmoja kwa kila inchi moja ya unene. Ni kadirio tu: mbao laini mahali pa ukame hukauka mapema zaidi, na mbao ngumu penye unyevu huchukua muda mrefu. Kipimo kina uhakika kuliko kalenda. Kama huna kipima unyevu, tumia mizani ya jikoni. Kata kipande kidogo kutoka ndani ya ubao, angalau sentimita 30 kutoka kwenye ncha, na ukipime papo hapo. Kikaushe kwenye oveni kwenye nyuzijoto 103 za Selsiasi, ukikipima kila baada ya muda hadi uzito ukome kushuka. Usiiache oveni peke yake. Toa uzito mkavu kwenye uzito wa mwanzo, gawanya kwa uzito mkavu, zidisha kwa 100. Kipande cha gramu 120 kikibaki na gramu 100, unyevu wake ni asilimia 20, na kwa samani za ndani bado. Samani nyingi za ndani zinataka asilimia 8 hadi 12, na nyumba zenye hewa kavu sana zinataka chini ya hapo. Mbao zilizokaukia nje ziingize ndani ya chumba zitakapotumika, bado zikiwa na papi katikati, na uziache wiki kadhaa zizoee.

Hatua ya 7: Kunyoosha mbao

Sasa kazi yenyewe. Lengo ni ubao wenye nyuso mbili bapa zinazolingana, kingo mbili zenye pembe mraba, na ncha zilizokatwa sawa. Mpangilio wake haubadiliki, kwa sababu kila uso mpya unategemea ule uliotangulia: uso wa kwanza, ukingo wa kwanza, uso wa pili, ukingo wa pili, kisha ncha.

Kabla ya yote, punguza. Chora kwa chaki vipande unavyohitaji na ukate ubao mrefu kuwa vipande vifupi, ukiacha sentimita 5 za ziada kwa urefu na milimita 6 kwa upana. Ubao wa mita 2.4 uliopinda ukiunyoosha ukiwa mzima unaweza kupoteza sentimita nzima ya unene. Ukikatwa vipande vitatu, kila kimoja kina sehemu ndogo tu ya ule mpindo, na utaokoa mbao nyingi. Kwa chumba kidogo hili ni zuri mara mbili, maana vipande vifupi havihitaji njia ndefu. Ila soma kitabu cha mashine yako ya kuranda ujue urefu mfupi kabisa unaoruhusiwa, mara nyingi kama sentimita 30. Kipande kifupi kuliko hapo kinaweza kuinuka ndani na kuvunjwa na visu.

*Uso wa kwanza.* Mashine ya kuranda unene haiwezi kunyoosha ubao uliopinda ukiupitisha hivihivi. Rola zinaubana ukalala bapa, visu vinapita, na ukitoka upande wa pili unarudi kwenye mpindo wake, ila sasa ni mwembamba zaidi. Lazima upate uso mmoja bapa kwanza.

Anza kwa kutambua kasoro. Chukua papi mbili zilizonyooka zenye upana sawa na urefu wa sentimita 40, moja ukiwa umeipaka rangi nyeusi ukingo wake wa juu. Zilaze kukatiza ubao, moja kila ncha, ile nyeusi ikiwa mbali. Rudi nyuma hatua moja, inama mpaka jicho liwe usawa wa papi ya karibu, na ushuke taratibu hadi ule mstari mweusi ubaki kama uzi juu yake. Uzi ukiwa na unene uleule kutoka kushoto hadi kulia, ubao haujasokota. Ukiwa mnene upande mmoja na kutoweka upande wa pili, umesokota, na pembe mbili zinazotazamana kwa mshazari ndizo zilizo juu. Ziwekee alama ya penseli.

Kwa randa ya mkono, punguza pembe hizo mbili kwa zamu, kisha randa kwa mshazari ubao mzima, ukimaliza kwa kufuata nyuzi za mbao. Pima tena kwa papi mara kwa mara. Kwa ubao mmoja au miwili njia hii ina kasi kuliko watu wanavyodhani, na haihitaji nafasi zaidi ya benchi.

Kwa mbao nyingi, tengeneza kibebeo cha mashine ya kuranda: kipande bapa cha plaiwudi ya milimita 18, kirefu kidogo kuliko ubao, chenye kizuizi chembamba kwenye ncha inayotangulia kuingia. Kizuizi kiwe kifupi kuliko unene wa mwisho wa ubao, visu visikiguse. Laza ubao juu yake, upande uliobonyea ukitazama chini. Utatikisika. Sukuma kabari nyembamba kila mahali penye uwazi mpaka utulie kabisa bila kulazimishwa, na uzishike kabari hizo kwa gundi ya moto zisihame. Chora misalaba ya penseli uso wote wa juu. Pitisha ubao pamoja na kibebeo chake, ukipunguza milimita 1 au pungufu kila mara. Mara ya kwanza visu vitagusa sehemu zilizo juu tu na sauti itakuja na kukatika. Misalaba inafutika kidogokidogo, sauti inakuwa moja kutoka mwanzo hadi mwisho, na msalaba wa mwisho ukitoweka uso ni bapa. Toa kibebeo, geuza ubao, na upunguze upande wa pili kidogo tu kwa sasa.

Ubao mpana kuliko mashine yako unanyooshwa kwa mashine ya ruta, yenye kisu kidogo kinachozunguka kwa kasi, inayotembea juu ya reli mbili zilizonyooka, ukipunguza milimita 2 kila mpito. Ni kazi ya vumbi jingi. Ifanyie nje.

Angalia mwelekeo wa nyuzi kabla ya kuranda. Tazama ukingo wa ubao: kwa randa ya mkono, mistari ya nyuzi iwe inapanda kuelekea kule unakosukumia. Kwa mashine yenye visu juu, mistari ipande kuelekea ncha itakayoingia mwisho. Ukiona uso unachunwa na kuacha vishimo, geuza ubao ncha kwa ncha.

*Pumziko.* Ukiondoa tabaka la juu la ubao unafichua ndani ambako unyevu na mkazo ni tofauti, na ubao unaweza kupinda tena usiku huo. Kwa hiyo acha milimita 3 za ziada kwenye unene, simamisha mbao kwa ukingo au zipange na papi katikati ili hewa ifike pande zote, na uziache siku moja hadi kadhaa. Kisha rudia kunyoosha, safari hii ukipunguza kidogo. Hatua hii ndiyo inayorukwa sana, na milango mingi ya kabati isiyofunga vizuri ilianzia hapo.

*Ukingo wa kwanza.* Kwa randa ya mkono, funga ubao kwenye jiriwa, ukingo ukiwa juu, na upunguze katikati kwanza kwa mipito mifupi, halafu ncha hadi ncha, ukipima kwa skwea dhidi ya uso uliokwisha nyooka. Kwa msumeno wa meza, funga ubao juu ya ukanda wa plaiwudi wenye ukingo ulionyooka, ukingo huo uteleze kwenye kizuizi cha pembeni, na bledi inyooshe upande wa pili. Weka alama kwenye uso na ukingo wako wa kwanza. Vipimo vyote vitaanzia hapo.

*Uso wa pili.* Pitisha ubao kwenye mashine ya kuranda, uso bapa ukiwa chini, hadi unene unaotaka. Mbao za kazi moja zipitishwe zote kwenye kipimo kilekile kabla ya kukishusha, ndipo ziwe sawa. Punguza nyuso zote mbili kwa kiasi kinachokaribiana. Mashine nyingi huchimba kidogo sentimita 5 hadi 10 za mwanzo na mwisho: shikilia ubao usilegee unapoingia na unapotoka ili machimbo hayo yapungue, na yatakayobaki yakatwe pamoja na zile sentimita za ziada ulizoacha.

*Ukingo wa pili na ncha.* Pasua upana kwa msumeno wa mkanda au wa meza, ukingo wa kwanza ukifuata kizuizi. Kwenye msumeno wa meza, kile kipande cha chuma kinachosimama nyuma ya bledi kiwepo, kwa sababu kinazuia mbao kuibana bledi na kurushwa nyuma. Simama pembeni ya mstari wa bledi, sukuma kwa kijiti mkono unapokaribia, na usivae glavu wala mikono mirefu iliyolegea. Ncha kata mwisho: moja kwa pembe mraba, kisha nyingine kwa kipimo, vipande vya urefu mmoja vikigota kwenye kizuizi kimoja ili usipime kila kimoja peke yake.

Unganisha siku hiyohiyo ukiweza. Usipoweza, rudisha papi katikati ya mbao, zifunge kwa klampu zikiwa bapa juu ya benchi, na usiziache zimelala moja kwa moja juu ya uso wa benchi, maana upande unaopata hewa utakauka peke yake.